Siku Niliyoazimwa

Yule mtoto anayelia kwenye picha ni mimi. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu najijua: nikiachiwa nafasi nitazunguka mpaka msomaji achoke, kisha nitalikana tena. Nimelikana kwa miaka mingi. Nilikana chuo kikuu, pale mwenzangu wa bwenini, binti wa Maswa, alipoikuta picha kwenye kalenda ya ukumbi wa kanisa akanivuta mkono niende kuitazama. "Naku, huyu si wewe?" Nikamwambia watoto wote walionyolewa kipara wanafanana. Nilikana mbele ya mume wangu. Nilikana hata mbele ya binti yangu, mwenye pua ileile na mdomo uleule wa kulilia, naye akaniangalia kama hakimu anavyomwangalia shahidi aliyefundishwa maneno.

Kwenye picha, mwanamke wa Kizungu amechuchumaa uani, amemkumbatia mtoto wa kike mwenye kipara na gauni la bluu linaloburuta. Mtoto amefungua kinywa mpaka kimelameta, na mikono yake inamtafuta mtu ambaye hayumo pichani. Chini pameandikwa jina: Kabula. Mimi naitwa Nakundwa. Siku ile picha ilipopigwa wazazi wangu wote wawili walikuwa hai, na baba alikuwa na pikipiki.

Baba alikuwa bwana shamba wa pamba, Mpare aliyehamishiwa Bariadi enzi ambazo mkoa wa Simiyu ulikuwa haujaanzishwa na barua zetu zote zilikuwa za Shinyanga. Mama alifundisha shule ya msingi. Tulikaa nyumba za watumishi, na ng'ambo ya uwanja wa mpira kulikuwa na kituo cha watoto yatima cha kanisa. Kituo kilikuwa na sakafu ya saruji na uji wa maziwa uliotiwa karanga za kusaga. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake chenye alama ya rangi. Zaidi ya yote kulikuwa na bembea. Sijui kama ilikuwa bembea pekee Bariadi nzima, lakini ilikuwa pekee katika dunia yangu, na ilikuwa ya yatima.

Neno hilo nililielewa kwa njia yangu. Nilidhani yatima ni cheo kama kiranja, kitu ambacho mtoto akikua kidogo na kuwa na nidhamu anapewa. Siku moja mama akimenya viazi nikamuuliza, "Mama, mimi nitakuwa yatima lini?"

Kisu kikasimama. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Kabula ni yatima."

"Na wewe unataka?"

"Nataka bembea."

Akaniambia nisirudie tena kusema hivyo, akaendelea kumenya. Hakunieleza. Mwalimu mzima, mwenye cheti cha ualimu ukutani, akaliacha somo katikati. Naona hata leo kwamba angemalizia siku ile, yote yaliyofuata yangekuwa mepesi.

Kabula ndiye niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa mrefu, mwenye miguu mikubwa na ulimi mkali, na bibi yake aliishi kijijini Lalago. Nasema alikuwa na bibi kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wageni wetu hawakuwahi kupafikia. Kwa Wasukuma mtoto aliyefiwa na wazazi bado ana watu: ana bibi, ana mjomba, ana kaka wa baba mwenye ng'ombe. Kituo kilikuwa mahali pa kulala na kusomea wakati kwao mambo yalikuwa magumu au shule ilikuwa mbali. Pamba ikipasuka, watu wao walikuja kuwachukua, wengine kwa baiskeli, wengine kwa mkokoteni wa ng'ombe. Watoto wakaenda kuvuna na binamu zao, wakarudi wamekuwa weusi kwa jua, wamebeba vifurushi vya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikawa kama vipande vya mbao tamu. Kwa wiki nzima darasa lilinuka michembe.

Sasa pamba hupasuka wakati uleule ambao Ulaya wanafunga shule. Familia iliyokuwa inamtumia Kabula nguo na kalamu za rangi ikaandika kwamba inakuja likizo, ikae siku nzima na watoto, isaidie kazi, na hasa imwone Kabula wao. Hakuna mtu aliyeziweka kalenda hizo mbili pamoja. Asubuhi ya ugeni, kituo kilikuwa na watoto wachanga, wawili wenye tetekuwanga, na vikombe vingi visivyo na wenyewe.

Ndipo Mama Masanja, mlezi mkuu wa kituo, akavuka uwanja wa mpira karibu anakimbia, naye alikuwa mwanamke mnene asiyekimbia hata mvua.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, Mama Masanja. Karibu chai."

"Sikai, mayu. Naomba uniazime mtoto."

"Wa nini?"

"Nina wageni wamekuja na watoto wao. Kwangu hakuna wa kucheza nao, wote wako kwenye pamba. Ni siku moja tu."

Mama alikuwa anasahihisha madaftari. "Mchukue. Ila hajamaliza mkate wake."

Basi ikawa hivyo. Wasishangae wasomaji wa mijini. Mtoto aliazimwa kama kinu. Niliwahi kuazimwa kulala na mke wa jirani aliyeogopa popo, na kuazimwa kumshikia mtu kuku sokoni. Mama alidhani naenda kucheza. Mama Masanja alizunguka nyumba za watumishi, kwa kuwa huko ndiko kulikobaki watoto wasio na shamba la kuvuna, akakusanya watoto wawili wa bwana mifugo, mimi, na Deo, mtoto wa hakimu, ambaye alikuja na soksi.

Soksi zilivuliwa. Kisha Mama Masanja akaniangalia kichwani na kuguna. Mama alikuwa amenisuka siku iliyotangulia, mistari myembamba iliyonitoa machozi, na watoto wa kituo walinyolewa wote. Akatoa wembe.

"Mama atanipiga," nikasema.

"Mama yako nitazungumza naye mimi. Tulia, usije ukakatwa sikio."

Nikanyolewa. Nikavishwa gauni la bluu la Kabula. Mama Masanja akanigeuza huku na huku kama nguo ya mtumba anayoikagua, akasema, "Leo wewe ni Kabula."

"Na Kabula ni nani?"

"Kabula yuko Lalago. Acha maswali ya watoto wa walimu."

Sikuuliza tena, maana nilikuwa nimefahamu jambo kubwa: nimepandishwa cheo. Nimekuwa yatima. Nikatoka mbio kwenda kwenye bembea.

Wageni walikuwa wanne. Baba mrefu, mwekundu shingoni. Mama mwenye macho ya kijani na mkoba uliojaa sabuni. Mvulana mdogo aliyelala karibu siku nzima. Na msichana wa rika langu, Hanne, ambaye gari lilipofunguliwa tu aliruka, akaiona bembea, akaikalia. Nilisimama pembeni nikingoja zamu yangu. Mwalimu Zakayo, aliyefundisha Kiingereza sekondari na siku hiyo alikuwa mkalimani, akaniambia kwa upole, "Kabula, msukume mgeni."

Nikamsukuma. Nilimsukuma asubuhi yote. Kila nilipoonyesha kwa mkono kwamba sasa ni mimi, Hanne alicheka na kunipungia, akidhani namsalimu. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wafadhili na wafadhiliwa tangu siku hiyo, na sijaona mpangilio tofauti sana.

Baba mgeni alipaka rangi mlango wa choo uliokuwa umepakwa rangi na wageni waliopita. Mama mgeni alituogesha. Mama Masanja alikuwa ameshatuogesha na kututia mafuta tukang'aa, lakini maji yalichemshwa upya. Deo alikataa katakata.

"Nimeshaoga! Mwambie nimeshaoga! Nitamwambia baba!"

Mwalimu Zakayo akasema kitu kwa Kiingereza, na mama mgeni akaweka mkono kifuani. Baadaye tulijua alichotafsiri: mtoto anasema hajazoea maji ya moto. Sabuni ilinuka tunda nisilolijua. Lile tunda nilikuja kukutana nalo ukubwani, kwenye duka la Dodoma, chupa ya shampuu ikiwa wazi. Nikajikuta nimesimama katikati ya rafu nimeshika kichwa changu kuhakikisha kama nywele zipo.

Baada ya chakula tukakalishwa kwenye duara ili tutambulishwe. Mama Masanja alisema kwa Kiswahili, Mwalimu Zakayo akageuza. Alipofika kwangu, akaweka kiganja chake kizito juu ya kipara changu kipya.

"Na huyu ndiye Kabula wenu. Baba yake na mama yake wote wawili walifariki."

Nilisikia kila neno. Kifo nilikijua, tulikuwa tumemzika babu. Sikuwaza hata kidogo kwamba anasimulia habari za Kabula. Alikuwa amenigusa mimi. Nikafikiri: lini? Asubuhi walikuwa wazima. Baba aliwasha pikipiki kwenda Mwamapalala kuwakagua wakulima, mama alikuwa na kalamu nyekundu. Kisha yote yakajipanga yenyewe kichwani. Pikipiki imeanguka, na mama alikuwa amepakiwa nyuma. Ndiyo maana nimeletwa huku. Ndiyo maana nimenyolewa, maana tulipomzika babu pia tulinyolewa. Na ndiyo maana mama hakutaka kunieleza neno lile: mimi mwenyewe nilikuwa nimeliomba, nikiwa natazama viazi, kwa ajili ya bembea.

Nililia kilio ambacho sijawahi kukirudia, hata nilipokuja kufiwa kweli. "Mama! Namtaka mama! Mama!"

Mama mgeni akaacha kila kitu. Akamtazama Mwalimu Zakayo. "Anasema nini?"

Siku nzima alikuwa amepotosha maneno yetu. Hapa, kwa mara ya kwanza, alitafsiri neno kwa neno. "Anamlilia mama yake."

Na ukweli ule ukafanya kazi kuliko uongo wote wa siku hiyo. Mama mgeni akachuchumaa, akanikumbatia, akalia na yeye. Kadiri nilivyopiga mateke nitoke nikimbilie nyumbani kuangalia, ndivyo alivyonibana. Shavu lake lilikuwa na jasho na tunda. Baba mgeni akafuta rangi mikononi, akachukua kamera. Hiyo ndiyo picha. Nimesoma maelezo yake yaliyoandikwa kwa ajili ya kalenda: yanasifu nguvu ya mguso wa binadamu.

Nikiwa bado na kwikwi, wakanisimamisha juu ya karatasi wakachora nyayo zangu kwa penseli, ili Kabula atumiwe viatu.

Mama yangu alikuja jua lilipoanza kulegea, akiwa na kanga mabegani, bila haraka, kama mtu anayekuja kuchukua kinu chake. Akaona kipara. Akasimama. Mimi nikaona marehemu anatembea. Nilijichomoa, nikamkimbilia, na nilipomfikia sikumkumbatia. Nilimpiga. Nilimpiga mapajani kwa ngumi zote mbili, kwa kosa la kufa.

Mama Masanja alikuwa ameshageuka kuwa mdogo. "Mwalimu, nitakueleza, dada yangu, nitakueleza."

"Nani kamnyoa mtoto wangu?"

Mwalimu Zakayo akamsogelea, akanong'ona, "Mwalimu mwenzangu, tafadhali. Wageni wanaondoka sasa hivi. Usituharibie."

Mama yangu hakuwa mtu wa kunong'onezwa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mama mgeni, akanyoosha mgongo, akamwambia kwa Kiingereza chake cha ubaoni, kila neno limesimama peke yake: mimi ni mama yake.

Mama mgeni akamshika mikono yote miwili. Machozi yakaanza upya. "Ndiyo," akamjibu. "Ndiyo, naona. Nyinyi nyote hapa ni mama zao."

Akamkumbatia na yeye.

Sijawahi kumwona mama yangu ameishiwa Kiingereza isipokuwa siku hiyo. Gari likaondoka, Hanne akipunga mkono dirishani. Bembea ikabaki tupu, inacheza yenyewe, na sikuitaka tena.

Nyumbani baba alikuwa anavua viatu vyenye vumbi la Mwamapalala. Mama alimweleza huku akitembea toka ukuta hadi ukuta. Baba alisikiliza, kisha akaniita.

"Kwa hiyo nilikufa."

"Ndiyo."

"Nilikufa kwa nini?"

"Hawakusema. Nadhani pikipiki."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Mama hakucheka, na hakuzungumza na Mama Masanja mpaka nywele zangu zilipoweza kushikwa na kitana. Mimi nilikuwa upande wa mama. Bado niko upande huo.

Kabula alirudi pamba ilipokwisha, akanipa michembe kama kawaida, akanitazama kichwa.

"Nasikia ulikuwa mimi."

"Walinilazimisha."

"Uliniweza?"

"Nililia."

"Basi hukuniweza. Mimi silii."

Nilidhani yameisha, mpaka viatu vilipofika. Vilikuwa vya ngozi nyekundu, vyenye kifungo cha ubavuni, vimeandikiwa Kabula, na viliingia miguuni mwangu kana kwamba nilizaliwa navyo. Kabula aliingiza vidole tu. Mama Masanja alimwambia mama avichukue, mama akakataa hata kuviangalia. Basi Kabula akavikanyaga visigino, akavivaa kama ndala. Pa, pa, pa, alikuja navyo darasani kila siku. Pa, pa, pa, alikwenda ubaoni. Kila mlio ulinipata kifuani. Nilijiambia kwamba nilikuwa nimemnyang'anya watu wake kutoka mbali, kumbatio lake, hata ukubwa wa miguu yake. Baba alipohamishiwa mkoa mwingine niliondoka na mlio huo, nikasoma nao, nikazeeka nao kiasi. Nilipoikana picha ile sikuwa naona aibu ya kipara. Niliona siwezi kusema ni mimi bila kusema hapakuwa pangu.

Mwaka huu, ikiwa pamba iko shambani, kundi la simu la tuliosoma shule ile likapokea picha. Aliyeituma ni mkuu wa sasa wa kituo, kijana mchangamfu ambaye hakuwa amezaliwa ilipopigwa. Akaandika kwamba anatafutwa Kabula, mtoto wa pichani. Kwamba Hanne, aliyefika utotoni na wazazi wake, anakuja tena na mume na watoto wake kujitolea kwa siku moja, na ombi lake kubwa ni kumwona Kabula.

Kabla sijapata pa kujificha, Deo, mtoto wa hakimu, ambaye sasa ni wakili Mwanza, akajibu: "Huyo si Kabula. Huyo ni Naku wa Bwana Pamba. Sikio linaloonekana nyuma ni langu, na nilikuwa nimeshaoga."

Kundi likalipuka. Nikatumiwa vikaragosi vya kucheka mpaka simu ikapata moto. Halafu yule mkuu wa kituo akanipigia faragha.

"Dada, nimeelewa yote. Lakini mama mzazi wa Hanne alifariki akiwa na picha hii ukutani. Tutamvunja moyo mtoto wa watu. Wewe njoo tu. Sura ni yako."

"Unataka niwe Kabula."

"Ni siku moja tu, dada."

Yaani sentensi ileile ya Mama Masanja, imengoja karibu maisha yangu yote, imerudi na salamu. Nilikata simu, nikapika, nikaunguza. Nilichokasirikia zaidi ni kwamba nilianza kupiga hesabu ya nguo ya kuvaa. Nikajua siwezi kuamua peke yangu juu ya jina la mtu mwingine. Kabula hakuwa kwenye kundi. Ana simu ya vibonyezo. Namba yake nilipewa na mtoto wa bwana mifugo. Nikapiga.

"Halo, nani?" Nyuma yake kulikuwa na upepo na watoto wakibishana kwa Kisukuma.

"Naku. Nakundwa, wa Bwana Pamba."

"Yee! Mwadila, mayu! Upo? Nilijua umekufa na usomi huko."

Tukasalimiana kwa urefu unaostahili. Kisha nikamwaga yote: picha, Hanne, mkuu wa kituo, viatu. Nilimwambia kwamba nilichukua siku yake, na kwamba nimekaa na jambo hilo.

Nikasikia anatema kitu, labda ganda la alizeti.

"Naku, wewe unadhani mimi sikujua wageni wanakuja?"

"Ulijua?"

"Wa kabla yao waliniogesha mara mbili siku moja. Bibi alipokuja, Mama Masanja akamwambia, niachie huyu mpaka wageni waondoke. Bibi akasema pamba yake haimngoji Mzungu. Wakabishana. Mimi nikapanda baiskeli ya mjomba kabla hawajamaliza. Hujaninyang'anya kitu. Nilikimbia."

"Na viatu?"

"Vile?" Akacheka, kicheko kilekile cha dawatini. "Vilinibana vibaya. Nilivivaa makusudi, nikuone unavyokunja uso. Halafu ukahama, nikampa binamu."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba huzuni ya mtu ambaye alikuwa anajifurahisha.

"Sasa huyu Hanne nimwambie nini?" nikauliza. "Anataka kumwona Kabula."

"Wewe usiende kuwa mimi. Hukuniweza utotoni, hutaniweza sasa." Akamwita mtoto mmoja kwa ukali, asikanyage mstari wa pamba. Kisha akarudi kwenye simu. "Mwambie alichotakiwa Mama Masanja kuwaambia wageni siku ile. Mwambie Kabula hayupo, yuko Lalago anavuna pamba. Akitaka kuniona, aje huku na watoto wake, nitawapa magunia."